Sisimizi wa Mti Namba 118

Kisaka, Alhamisi, saa tisa alasiri

Bhoke mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni juu yako uliye mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Mugumu unatafuta kufuli la sanduku, na gauni lako la bluu liko kwenye kamba hapa nje linachuruzika maji. Kwa hiyo nianze kinyume: wewe ni mzima, hofu ni juu yangu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango wa chumba. Una miaka ishirini na mitatu, una cheti cha ualimu, na huko Nkasi unakokwenda watoto watakuita Madamu kuanzia wiki ijayo. Tena hayo nimeshayasema. Nimejihesabu: habari ya chandarua peke yake nimeisema mara sita. Ninachoandika hapa sijakisema hata mara moja, na nakiandika kwa sababu tangu Jumatatu hatuzungumzi, mimi na wewe, zaidi ya kuulizana chumvi iko wapi.

Tulipoachia unapajua. Uliniuliza kama tunaweza kuwaita majirani Ijumaa asubuhi, yaani kesho, wakuage, wanywe chai, mtu mmoja aombe, basi. Nikasema, "Waje kula tu? Walikuwa wapi sisi tulipowahitaji?" Ukaweka ndoo chini. Ukasema, wala hukupandisha sauti, "Mama, nina miaka ishirini na mitatu na sina mtu wa kuniaga isipokuwa wewe." Kisha ukachukua ndoo yako ukaenda kisimani.

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Nilijaribu kuyapinga kwa hesabu, unavyonijua. Nikaanza: rafiki zake wa kwaya. Kwaya nilikukataza. Shangazi zake. Hawajakanyaga hapa. Robi wa ng'ambo ya ua. Huyo nilikukataza mara mbili. Nikaendelea hivyo mpaka nikafika sifuri. Nikarudia kutoka mwanzo nikidhani nimeruka mtu. Sikuwa nimeruka mtu.

Sasa nikueleze habari za sisimizi. Usicheke, nitafika.

Unakumbuka ile misimu mitatu ya kiangazi nilipokuwa naondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, na bibi yako akaja kutoka Tarime kukaa na wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja ilipoanza. Uliwaambia wenzako shuleni kwamba mama amepata kazi ya kuhesabu miti upande wa Ikoma, wakakucheka kuwa miti haihesabiwi. Inahesabiwa. Ilikuwa mia mbili na arobaini, kila mmoja na kibati chake chenye namba, na mimi nilipewa nusu, kuanzia 1 hadi 120. Yule dada mtafiti aliyetuajiri, tuliyemwita Mwalimu ingawa nilimzidi umri, alitaka watu wa kuhesabu bila kuchoka na bila kubuni. Wa kwanza aliowachukua walikuwa wanakaa kivulini wanaandika namba za kichwani. Mimi niliishia darasa la saba, lakini namba sijawahi kuidanganya.

Miti yenyewe ni ile migunga mifupi ya kwenye udongo mweusi, yenye miiba mirefu myeupe na vinundu vyeusi ukubwa wa ndimu. Kinundu kikikauka kinabaki kitupu ndani, kina vitundu, na upepo ukipita kinapiga mluzi. Mgeni akisikia anageuka kumtafuta mchungaji. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi sisimizi, ukoo mmoja kwa kila mti. Kazi yetu ilikuwa kujua ni ukoo gani, kuhesabu vinundu, kupima vichipukizi kwa rula, kisha kugonga tawi, kuweka mkono wenye glovu, na kuhesabu wangapi wamekuja kukuuma ndani ya nusu dakika.

Aina hazikuwa mbili tu, lakini mbili ndizo zilizoninyima usingizi.

Wa kwanza ni wekundu kichwa na kiuno, nyuma weusi. Ukigusa tawi lao wanatoka kama watu waliosikia yowe la ng'ombe kuibiwa, makalio juu, na hawaulizi nani. Tembo mwenyewe akipeleka mkonga pale anaurudisha haraka. Wanakula utamu unaotoka kwenye majani ya mti, kwa hiyo wanautunza, na mti wao unatanua matawi upande wowote unaotaka. Tawi likikutana na la jirani, limekutana. Na hapo ndipo tabu yao ilipo, maana matawi yakigusana koo mbili zinapigana. Asubuhi moja nilitandika kitambaa cheupe chini ya mti kama huo, nikahesabu maiti hadi mia nne na kitu, nikaacha. Pia wanafuga vidudu vinavyofyonza maji ya mti uleule unaowalisha. Sikuambii kwamba ni malaika.

Wa pili wana kiuno chekundu lakini kichwa cheusi. Hao nao wanauma, usidanganyike. Ila wana kazi nyingine inayowashughulisha. Wanazunguka matawi mchana kutwa wanakata vichipukizi. Kila jicho la chipukizi linalotaka kutoka kuelekea nje, wanaliwahi. Mti wao unautambua kwa mbali: umejifunga, umejaa majani, mviringo kama umetoka kwa kinyozi, hakuna tawi linalochungulia nje. Nilipouona mara ya kwanza nilisimama nikautazama kama ninautazama ua wetu wa minyaa.

Nikamwambia Mwalimu, "Hawa ndio wenye akili."

Mlinzi wetu, mzee mmoja wa Kinata asiyeweza kunyamaza, akadakia, "Mama Bhoke leo amepata ndugu."

"Bora ndugu hawa kuliko ninaowajua," nikasema, na wote wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Ili uelewe kwa nini, lazima nirudi nyuma miaka minne kabla ya hapo. Jambo hili umelisikia vipande vipande, na vipande hivyo nilivichagua mimi.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka saba. Alituachia shamba la ulezi uliofika magotini na magugu yaliyofika magotini, nami nilikuwa na mikono miwili. Nikaita risaga. Wewe risaga unaijua kwa kuiona ng'ambo ya ua tu: mwenye shamba anapika ugali na togwa, kila nyumba inaleta jembe, na kazi ya mwezi inaisha kabla ya saa sita mchana, kesho ni zamu ya mwingine. Baba yako hakuwahi kukosa risaga ya mtu. Nilipita nyumba thelathini na moja kwa miguu yangu, nikasema kwa mdomo wangu, Jumamosi nawaomba. Wote waliitikia. Nikapika togwa mitungi miwili. Nikatwanga, nikasonga, nikaazima masufuria.

Wakaja watu wanne.

Bibi Wankuru, ambaye hata kuinama ilikuwa shida. Wanawake wawili wa ng'ambo ya mto. Na Mama Robi, jirani yetu, na mdogo wake Robi mgongoni.

Baadaye nilikuja kujua sababu. Nyumba yenye msiba haitoi wito yenyewe. Wito ulitakiwa upitie kwa baba yako mdogo. Mimi nilimruka makusudi, kwa kuwa tayari alikuwa ananyemelea shamba la chini, na sikutaka aonekane ndiye mwenye shamba. Watu wakaogopa kumkanyaga. Miezi baadaye Mama Robi aliniambia kwenye ua, "Ulimruka shemeji yako. Wenzio wangeingiaje?" Nikamjibu, "Magugu yangu hayakuwa yanamjua shemeji." Na mpaka leo, Bhoke, nasema hivyohivyo. Wale ishirini na saba walikosea. Waliitikia kwa mdomo na miguu ikakataa, na mjane akabaki amesimama na mwiko. Hilo sijalisamehe vizuri, na sitakudanganya kwamba nimelisamehe.

Lakini sikiliza nilichofanya mimi. Ilipofika saa tatu na hakuna mwingine aliyetokea, niliwaendea wale wanne, ambao walikuwa wameshaanza mstari wa kwanza, nikawaambia, "Acheni. Nendeni kwenu. Sihitaji kuhurumiwa na watu wanne." Bibi Wankuru akasema, "Mwanangu, sisi tumekuja." Nikarudi jikoni, nikatoa mitungi, nikamwaga togwa yote mbele yao. Ilitiririka mpaka kwenye majembe yao. Mama Robi alifuta jembe lake kwa majani, akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaondoka.

Nimeishi miaka kumi na sita nikijua idadi ya wasiokuja. Mtu akiniamsha usingizini nitamwambia ishirini na saba. Wale wanne sikuwahi kuwahesabu.

Baada ya hapo unajua maisha yetu. Nililima peke yangu mwaka ule, tukavuna robo. Mwaka uliofuata nusu. Mshahara wa kuhesabu miti ukanunua maksai wawili na plau, na tangu siku hiyo sikumhitaji mtu. Ua wa minyaa nilishauotesha pande zote nne mwaka ule wa kwanza, nikawa naukata kila mwezi usimguse jirani na wa jirani usituguse. Risaga za watu sikwenda. Harusi sikwenda. Bibi Wankuru alipofariki nilisikia vilio nikiwa jikoni, nikaongeza kuni. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na naliandika hapa ili liwe limeandikwa.

Na wewe nikakukata pamoja na ua. Ulipotaka kwenda kuimba kwaya nikasema utachelewa masomo. Robi alipokuja kuomba ukalale kwao siku ya Krismasi nikasema nyumba yetu ina vitanda. Halafu ule mwaka nilioumwa malaria, ulikuwa na miaka tisa, Mama Robi alikupa kibuyu cha maziwa uniletee. Nikakuambia kirudishe. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni, nikakuona unavuka ua, umekishika kwa mikono miwili, kimejaa mpaka mdomoni, unatembea polepole usimwage. Ulimrudishia hata tone halijapungua. Ulifikiri umefanya kazi nzuri, na ulipofika ukaniambia, "Mama, sijamwaga." Nikakusifu. Mungu anisamehe, nilikusifu.

Turudi kwenye migunga.

Msimu ule wa kwanza ulipokaribia kwisha mingi ilitoa maua, vifundo vidogo vyeupe kama pamba, na nyuki wakajaa. Mimi nikawa naandika: mti namba 40, maua, 41, maua, 42, hakuna. Mwisho wa wiki nikasoma daftari langu upya. Miti yote yenye vichwa vyeusi ilikuwa hakuna, hakuna, hakuna. Nikadhani nimekosea. Nikarudi kwa miguu mti mmoja mmoja, nikaishia kwenye namba 118, ambao ndio ulikuwa mzuri kuliko yote mia na ishirini.

"Mwalimu," nikamwita, "huu hauna ua hata moja. Unaumwa?"

"Hauumwi, mama. Tazama majani yake."

"Sasa utazaa lini?"

"Hautazaa. Wanakata mpaka macho ya maua. Kwao jicho ni jicho, hawabagui."

"Na mti unakubali?"

Akacheka. "Ufanye nini, mama? Uhame?"

Kisha akanionyesha kitu kwa rula yangu mwenyewe. Upande wa 118 uliotazama mti wa wekundu, vichipukizi vilikuwa vimekatwa hadi kwenye ganda. Upande wa pili, usio na jirani, viliachwa virefu kidogo. "Unaona? Hawakati kwa ubaya," akasema. "Hawa ni wachache na ni dhaifu vitani. Tawi moja likigusa kule, wale wekundu watavuka wawamalize. Wanakata kwa sababu wanaogopa."

Nilibaki pale na rula mkononi. Nilikuwa nikijiita shupavu miaka yote hiyo.

Ungefikiri nilirudi nyumbani Jumamosi ile nikabomoa ua. Sikubomoa. Nilirudi nikakuta umetoa chipukizi: ulikuwa umeketi upande wa pili wa minyaa na Robi, mnasukana nywele kupitia kipenyo kidogo, mkono wake umepita kwetu na kichwa chako kimeinamia kwao. Nikakuita ndani. Kesho yake nikapanda mnyaa kwenye kipenyo kile. Nilijua ninachokifanya, nimeshakiona kwenye mti, nimeshakiandika kwenye daftari, na bado nilikifanya. Ndiyo maana siwaamini watu wanaosema kujua kunatosha.

Kuna jambo la mwisho kuhusu 118. Mwanzoni mwa msimu wa pili, tembo wakigombana waliuangusha mti wa jirani nusu, ukaegemea, na tawi lake moja likalala juu ya 118. Sikuwepo usiku wa vita. Nilikuja asubuhi nikakuta ardhi imetapakaa maiti, na juu ya matawi wanatembea wekundu tu. Nililia, Bhoke. Mzee wa Kinata alinicheka, "Mama, unafanyia sisimizi msiba?" Nikamwambia ni vumbi limeniingia machoni. Niliona kama wametuvamia sisi.

Msimu wa tatu nilipogonga tawi la 118 wekundu waliniuma mpaka juu ya glovu. Mti ulikuwa umeharibika umbo, matawi yametoka hovyo huku na huku kama nywele za mtu aliyeamka. Na upande ule, upande uliokuwa ukikatwa hadi ganda, kulikuwa na maua kumi na saba. Mti uleule, mizizi ileile. Nilihesabu mara tatu. Nikaandika 17, na karatasi ile Mwalimu aliniachia nakala yake. Iko kwenye Biblia, ukitaka kuiona.

Sijui sisimizi wanasema nini kuhusu binadamu, na sikuandikii ili ujifunze kutoka kwa wadudu. Nawe usije ukadhani nasema vita ni vizuri, au kwamba watu wakikuvamia utachanua. Kule Nkasi kutakuwa na watu wabaya kama hapa. Kuna mtu ataitikia kwa mdomo na miguu itakataa. Ataniuma hata mimi nikiwa huku. Ninachojua ni kimoja tu, na nimekipata kwa kuchelewa: siku hiyo, kabla hujawatazama wasiokuja, geuka uwatazame waliokuja. Hata akiwa mmoja. Hata akiwa bibi asiyeweza kuinama. Mpe kikombe.

Sasa nikueleze leo.

Asubuhi uliponiona natoka na jembe ulidhani naenda shambani kwetu. Nilikwenda risaga ya Mama Robi. Nilisikia wito wake juzi kupitia ua, na haukuwa wangu, mimi siitwi tena. Nilikwenda hivyohivyo.

Walikuwa wameshaanza. Mmoja akaniona akasimama. "Ee! Mama Bhoke, umepotea njia? Shamba lako liko kule."

"Mwache," akasema mwingine, "amekuja kuhesabu magugu yetu."

"Yakipungua atatushitaki!"

Wakacheka shamba zima. Nikasema, "Shikamooni wenye umri, wengine hamjambo." Wakaitikia, maana salamu haikataliwi. Mama Robi hakucheka wala hakuja kunipokea. Alinyoosha mkono akanionyesha mstari wa mwisho kabisa, ule wa kando ya mtaro, wenye ndago tupu. "Shika ule," akasema.

Nikaushika. Sitakuficha, ulikuwa mstari wa kuniadhibu, na mgongo wangu una miaka hamsini na mmoja. Wote walimaliza nikiwa bado nina hatua kama arobaini. Nikajua watakwenda kunywa togwa waniache. Nikasikia jembe mbele yangu. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wa ng'ambo ya mto, wa siku ile. Akaanzia mwisho wa mstari akawa anakuja upande wangu. Tulipokutana katikati akasema, "Wewe mama, jembe lako butu," akaondoka.

Togwa ikapitishwa. Mimi nilipewa wa mwisho. Mama Robi akasimama mbele yangu akiwa na mtungi.

"Umekuja kwa ajili gani?"

"Bhoke anaondoka kesho saa kumi na mbili."

"Najua. Kisaka nzima inajua. Tunasikia kwa watu, kama habari za Mwanza."

"Naomba mje mumuage."

Akauliza, "Unataka wangapi?" Mtu mmoja akaguna kicheko, maana wananijua. Nikasema, "Watakaokuja."

"Mimi nilikuja siku moja," akasema. "Ukanirudisha na jembe lina togwa."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mengi, na ndani yake walikuwemo wale ishirini na saba. Yote yakapotea. Nikasema, "Nilihesabu vibaya, Mama Robi. Mlikuwa wanne. Bibi Wankuru ametangulia sijamwomba radhi. Nakuomba wewe."

Alinitazama mpaka nikaona aibu ya kushika kikombe, kisha akasema, "Maliza togwa, wengine wanasubiri kikombe," akaenda kwa mwingine.

Basi nikarudi nyumbani bila jibu. Nikachukua panga, nikaenda kwenye ua, pale pale nilipoziba kipenyo chenu wewe na Robi, nikakata. Nimekata hatua mbili kwa upana. Utomvu umenirukia mikononi na sasa ninapoandika panawasha. Ukiingia jioni utashituka kuona nyumba ya watu kutokea jikoni kwetu. Nimetoa vikombe vyote, viko kumi na viwili, viwili havina mikono. Nimeloweka ulezi wa uji. Kama kesho hatatokea mtu, utaondoka kama ulivyosema, ukiwa na mimi peke yangu wa kukuaga, na deni hilo ni langu, usilibebe kwenda nalo Nkasi. Usije ukafika kule ukadhani wewe ndiye usiyependwa. Ulikuwa unachipua kila mwaka. Niliyekuwa nakata ni mimi.

Nilitaka kuishia hapo na kuiweka barua katikati ya mashuka yako. Lakini nimekatishwa, na lazima niandike kilichonikatisha.

Nimesikia majani yanavunjika. Nikainua kichwa nikamwona Robi amesimama kwenye pengo, mwanawe mgongoni, mguu mmoja kwetu na mwingine kwao, anaangalia chini kama mtu anayeogopa kukanyaga mbegu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu."

"Sipiti, nina haraka. Mama ananituma. Anauliza kesho achemshe maziwa ya watu wangapi?"

Nikafungua mdomo nimpe namba. Unajua mimi namba hainipotei.

"Mwambie sijui," nikasema.

"Wewe, mama? Hujui?" Akacheka kile kicheko chake cha zamani, ulichokuwa unakifuata kwenye ua. "Basi nitamwambia ajaze sufuria." Akageuka akapita pale pale alipoingilia.

Gauni lako limekauka, nimelitoa kwenye kamba. Jua linashuka na nadhani uko njiani. Barua hii usiisome leo, isome ukishakaa kwenye kiti chako cha basi kesho na hatuonani tena dirishani. Lakini jambo moja nitakuambia mwenyewe kwa mdomo kabla hawajaja, hata kama bado tumenuniana: Bhoke, maziwa utakayopewa kesho, kunywa. Kunywa yote. Usirudishe.

Mimi niliyekuzaa,
Mama